Breki zilizozama Mombo: je, hosi za waya zingesaidia?

Shemeji yangu alinipigia saa mbili usiku, akiwa Mombo kando ya barabara kuu ya Dar–Arusha, sauti imemkauka. "Shem, breki zimekufa." Nikamuuliza kama kuna aliyeumia. Hakuna. Gari liko wapi? Limesimama, kalisimamisha kwa handibreki, na abiria wake wanne wameshuka wote na hakuna anayetaka kurudi ndani.

Gari lenyewe ni Subaru Forester ya 2004, ile yenye tabo, gia otomatiki, diski magurudumu yote manne. Walikuwa wanatoka Lushoto kwenye shughuli ya kifamilia, buti limejaa kabichi na ndoo mbili za plamu. Usiku ule walilala Mombo. Asubuhi akakanyaga breki akakuta pedeli iko juu, ngumu, kama vile jana yake hakikutokea kitu. Akaendesha taratibu mpaka Tanga.

Alipofika kwangu gereji tayari alikuwa na dawa mfukoni. Wenzake wenye Subaru walishamwambia: hizo hosi za mpira zinazopeleka oili ya breki kwenye magurudumu ndizo tatizo, zinavimba, tupa, weka za waya. Yaani zile ambazo ndani zina mrija wa plastiki ngumu ya Tefloni na nje zimesukwa nyuzi za chuma kisichoshika kutu, kama za pikipiki za mashindano. Seti ya hosi nne alipewa bei ya laki nne na sitini hadi imfikie mkononi. Alichotaka kwangu ni kufungiwa tu.

Sikumkatalia. Nilimwomba anisimulie upya, polepole, pedeli ilifanya nini na ilifanya lini.

Lushoto mjini breki zilikuwa sawa. Kutoka Soni kushuka, mguu ulikaa kwenye breki karibu njia nzima, gia ikiwa kwenye D. Katikati ya kona waliingiwa na harufu kama ya kitu kinachoungua, wakailaumu fuso iliyokuwa mbele yao. Karibu na chini pedeli ikaanza kuwa ndefu kidogo. Wakasimama dakika chache kununua maji. Alipoondoka na kukanyaga tena, pedeli ikaenda hadi kwenye kapeti. Akapampu mara tatu, ikashika kidogo, ikazama tena. Handibreki ndiyo iliyomwokoa, kwa kuwa ile inavutwa kwa kebo na haitegemei oili wala hosi.

Kwangu mimi kisa kilijieleza hapo hapo, kabla sijainua jeki. Hosi iliyochoka haina asubuhi wala jioni. Kama inavimba, inavimba Lushoto, inavimba Soni, inavimba ukiwa umepaki nyumbani. Pedeli iliyo nzima juu ya mlima, ikazama chini ya mlima, kisha ikafufuka yenyewe usiku bila mtu kugusa spana, hiyo ni oili iliyochemka.

Watu wengi hawajui ni joto kiasi gani linazalishwa na mteremko wa namna ile. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilomita 30 na ushei, na unashuka karibu mita 1,000. Piga hesabu ya fizikia ya sekondari: kushusha gari mita 100 za wima bila kuliacha liongeze kasi kunatoa nishati ile ile ya kulisimamisha mara mbili na nusu kutoka kasi ya kilomita 100 kwa saa. Uzito hauingii kwenye ulinganisho huu, uwe na kabichi au usiwe nazo uwiano ni ule ule. Kwa hiyo mita 1,000 ni kama kusimama ghafla kutoka kasi ya 100 mara 25, moja baada ya nyingine. Kwa mwendo wa 30 au 40 wa zile kona, upepo haukusaidii kitu cha maana. Mzigo unagawanywa kati ya injini na breki, na ukiwa kwenye D injini inachangia kidogo sana. Zilizobaki zote zilikwenda kwenye diski zake.

Joto la diski linapita kwenye pedi, linaingia kwenye pistoni ya kalipa (kile kibano kinachokandamiza pedi kwenye diski), na nyuma ya pistoni ndipo oili ilipo. Tunaiita oili ya breki ila si oili hasa. Ni kimiminika cha jamii ya glaikoli, na kina tabia ya kunyonya unyevu, taratibu, mwaka hadi mwaka, kupitia kwenye hosi za mpira na kwenye kifuniko cha tangi lake. Madaraja yake huandikwa DOT kwenye chupa: DOT 3 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi joto 205. Ikishanyonya maji kufikia asilimia 3.7, kiwango hicho kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Nyuzi 140 nyuma ya pistoni, baada ya kukanyaga breki kutoka Soni, si jambo la kushangaza hata kidogo.

Ikichemka inatoa mvuke. Oili haigandamizwi, mvuke unagandamizwa. Mguu wako unabana mapovu badala ya kusukuma pedi. Na ile kusimama kununua maji ndiyo ilimalizia kazi: gari likisimama, hewa iliyokuwa inapoza magurudumu inakoma, joto lililojaa kwenye diski linahamia kwenye kalipa, na kwa vile mguu uko nje ya pedeli hakuna mgandamizo wa kuzuia oili isichemke. Ndiyo maana pedeli ilikuwa ndefu kidogo aliposimama, ikawa haipo kabisa alipoondoka.

Sasa angalia mapovu yalikuwa wapi. Yalikuwa ndani ya kalipa. Hosi, iwe ya mpira, ya waya au ya dhahabu, iko nje ya mkasa huo.

Hata hivyo nililipandisha gari, kwa sababu nadharia ya fundi nayo hukosea.

Oili kwanza. Kwenye tangi ilikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyolala. Nilichovya kile kipimo kama kalamu kinachosoma maji, kikawasha taa nyekundu moja kwa moja. Shemeji amekaa na gari hilo miaka sita. Pedi zilibadilishwa mara mbili kwenye gereji tofauti, na kila mara oili iliongezwa tu, DOT 3, kichupa cha dukani. Kubadilisha yote hakuna aliyemwambia, naye hakuuliza.

Gurudumu la mbele kushoto: pedi ya ndani imebaki kama unene wa sarafu, ya nje ina nusu ya maisha yake. Pini moja ya kalipa ilikuwa imekwama, nikaizungusha kwa spana ndipo ikatoka, kavu, na kutu ya kahawia. Kalipa ya aina ile inatakiwa itelezeshwe na pini mbili ili ibane diski pande zote sawa. Pini ikikwama, upande mmoja unafanya kazi ya pande mbili, pedi haiachii vizuri, na gurudumu linajipasha moto hata usipokanyaga. Diski upande huo ilikuwa na mabaka ya buluu. Ile harufu waliyoilaumu fuso ilikuwa yao.

Nikafika kwenye hosi, na hapa lazima niwe mkweli, wenzake hawakukosea kabisa. Zilikuwa zile zile za kiwandani, za umri wa gari. Nilipoikunja ya mbele kulia, mpira ukafunguka nyufa ndogondogo kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi. Ya kushoto ilikuwa imejisokota, bila shaka kuna fundi aliyeiacha kalipa ikining'inia kwenye hosi wakati anabadilisha pedi. (Kwa fundi anayesoma hapa: waya mmoja wa kufungia kalipa kwenye springi unatosha. Hosi si kamba.) Nikamkalisha kijana wangu kwenye usukani, injini inaunguruma ili busta, inayouongezea mguu nguvu, ifanye kazi, nikaishika hosi ya kulia kati ya kidole gumba na cha shahada. Akakanyaga. Ikajaa mkononi kama mshipa wa shingo wa mtu aliyebeba gunia.

Kisha nikazibana zote nne kwa vibano vya hosi, vile vyenye midomo ya duara, si vaisgripu. Nilifanya hivyo kwa kuwa zilishakuwa za kutupwa; hosi unayotaka kuirudisha barabarani usiibane. Pedeli ikawa ngumu kama jiwe. Maana yake masta silinda, ile pampu inayosukuma oili ukikanyaga pedeli, ni nzima, na hakuna upepo uliojificha kwenye kitengo cha ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge. Nikafungua kibano kimoja kimoja. Za nyuma, pedeli ilishuka kidogo tu. Mbele kulia ikashuka zaidi, na hiyo ni hosi. Mbele kushoto ikashuka kuliko zote, na hiyo ni ile kalipa inayobana kwa upogo ikichangia.

Kwa hiyo gari lilikuwa na magonjwa mawili yaliyofanana kwa jina. Moja, pedeli laini ya kila siku, ambayo shemeji alishaizoea asiione tena: hosi zilizochoka na pini iliyokwama. Pili, pedeli iliyozama Mombo: oili yenye maji, joto, na mguu uliokaa kwenye breki. Hosi za waya zingetibu sehemu ya la kwanza. La pili zisingeligusa, na la pili ndilo linaloua. Ubaya wake ni kwamba angezifunga, pedeli ingekuwa ngumu vizuri mjini, angefurahi, na angepanda tena Lushoto na oili ile ile huku akijiamini zaidi kuliko mwanzo.

Tuzitendee haki hosi za waya, maana ugomvi wa mpira na waya hauishi gereji. Kuvimba kwa hosi kunapimika. Kiwango cha usalama cha Marekani, FMVSS 106, kinairuhusu hosi nyembamba ya kawaida ivimbe isizidi sentimita za ujazo 0.66 kwa kila futi, kwa mgandamizo wa psi (pauni kwa inchi ya mraba) 1,000. Ya daraja la kuvimba kidogo haitakiwi kuzidi 0.33. Chukua gari lenye jumla ya futi tano za hosi na masta silinda ya kipenyo cha inchi 1, ambayo pedeli yake inazidisha mwendo mara nne. Hosi zilizo kwenye kikomo kabisa cha kuruhusiwa zingemeza mwendo wa sentimita mbili na nusu hivi mguuni. Hosi mpya ya kiwandani iliyo nzuri huwa chini sana ya kikomo hicho, kwa hiyo kinachobaki cha kuokolewa na waya ni kidogo. Kinasikika, sikatai. Mguu uliozoea unakitambua siku ya kwanza.

Ila mwendo wa pedeli ni kitu kimoja, na nguvu ya breki ni kingine. Hosi ikivimba, mguu unasafiri zaidi kabla mgandamizo haujapanda, lakini mgandamizo ukishapanda ndio ule ule unaofika kwenye pistoni. Gari lako kama lina uwezo wa kufanya ABS ianze kugonga kwenye lami kavu, basi breki zimeshafika mwisho wa kile tairi linachoweza kukupa. Waya hauongezi mshiko wa tairi. Nilimwonyesha shemeji tairi zake za nyuma, zilizotimiza miaka tisa kwa namba ya ubavuni, akanyamaza.

Hoja nyingine inayotajwa ni nguvu ya kutopasuka. Hosi nyembamba ya mpira, kwa kiwango hicho hicho, lazima ihimili psi 7,000. Mguu wa binadamu hauifikishi huko. Hosi za mpira zinapasuka kwa sababu zimezeeka, zimesuguliwa na tairi au zimesokotwa, na hayo yote yanaonekana kwa jicho mapema. Ya waya ukiiangalia kwa nje inang'aa tu. Mchanga ukipenya kati ya nyuzi, nyuzi zenyewe zinaanza kuusaga ule mrija wa ndani kama tupa, ndiyo maana za kweli zinavalishwa ganda la plastiki juu. Na ikigusa kitu kingine, kama waya wa sensa ya ABS au hata chuma cha bodi, inakata kama msumeno. Kwenye barabara zetu za vumbi hayo si mambo ya kufikirika.

Faida iliyobaki ni moja ninayoiheshimu: Tefloni haipitishi unyevu kama mpira, kwa hiyo oili inachelewa kuchoka. Inachelewa tu. Kubadilisha kuko pale pale.

Katikati ya maongezi yetu akatoa wazo la tatu, ambalo ndilo lililonitisha. Kuna jamaa wanabana hosi za haidroli za matrekta na makatapila, wana mashine ya kukandamiza vichwa, watatengeneza hosi yoyote ya waya ukisubiri, kwa bei ya chai. Niliwahi kuletewa gari la hivyo. Hosi za haidroli nyingi ndani zina mpira uliotengenezwa kwa ajili ya kubeba mafuta ya madini, na oili ya breki, kama nilivyosema, si mafuta ya madini. Mpira ule hauelewani na glaikoli: unavimba, unalainika, unaanza kumomonyoka, na vipande vyake vinatafuta pa kuziba. Juu ya hapo, kichwa kile hakuna aliyekipima kwa mgandamizo wala kwa kutikiswa. Hosi ya gurudumu la mbele inapinda kila unapokata kona na kila unapopita shimo. Hosi ya breki, ya mpira au ya waya, iwe na alama ya kiwango chake iliyochapishwa juu yake. Isiyo nayo, sifungi, na mteja aende kwa mwingine tusigombane.

Tulifanya hivi. Hosi nne mpya za mpira, zenye alama, zikatugharimu zaidi kidogo ya theluthi moja ya ile seti ya waya. Pesa iliyobaki ikanunua diski mbili za mbele, pedi za mbele, raba za pini na DOT 4 lita moja. Pini nikazipaka grisi ya silikoni, maana grisi ya kawaida inaharibu raba zake. Washa za shaba za bolti za hosi, mpya zote. Oili nikaisukuma kutoka kila gurudumu mpaka chai ya rangi ikaisha na ikatoka nyeupe, ndipo tukamalizia kutoa upepo. Nilipompa aikanyage, pedeli ilisimama juu zaidi ya zamani kwa karibu upana wa vidole viwili. "Kumbe ndivyo inavyotakiwa?" akaniuliza. Miaka sita.

Niliulizwa na kijana wangu baadaye kama naona hosi za waya ni upuuzi. Hapana. Kama tofauti ya bei ingekuwa elfu hamsini, na hosi za zamani ilikuwa lazima zitoke, ningemwambia shemeji achukue za waya na ningezifunga kwa raha. Kwenye pikipiki kubwa yenye hosi ndefu kutoka usukani hadi chini, na kidole kimoja au viwili ndivyo vinavyobana, tofauti inasikika zaidi na bei si kubwa. Gari la mashindano, ndiyo. Gari lililoinuliwa springi linahitaji hosi ndefu zaidi kwa vyovyote, na za waya mara nyingi ndizo zinazopatikana kwa urefu huo. Lakini Forester ya kwenda kazini, na Lushoto mara tatu kwa mwaka, foleni ya mahitaji yake ilikuwa ndefu na hosi za waya zilikuwa mwisho kabisa, nyuma ya tairi.

Wiki tatu baadaye tulipanda wote. Nilitaka kuona mteremko ule ule, na nilitaka kuona mguu wake. Kutoka Soni nikamwambia aweke gia 2. Injini ikapandisha sauti, akanitazama kwa wasiwasi: "Shem, haitaharibika?" Nikamwambia injini imeundwa kuzunguka, na hapo inazunguka bila kubeba mzigo. Madereva wa malori wanalijua hili bila shule, gia uliyopandia ndiyo unayoshukia. Breki akawa anakanyaga kwa kukaza, mwendo unapungua, anaachia kabisa, anasubiri. Hakuilalia hata mara moja. Mombo tulisimama, nikamwagia matone ya maji kwenye rimu ya mbele kushoto. Yalitiririka tu, hayakuchemka. Tukakaa dakika kumi kwa makusudi, akawasha, akakanyaga. Pedeli ilikuwa pale ilipokuwa Lushoto.

Oili iliyobaki kwenye chupa, kama robo lita, aliitaka akaitunze nyumbani kwa ajili ya kuongezea. Nikakataa kumpa. Chupa ikishafunguliwa inaanza kunywa unyevu wa Tanga kama tangi lenyewe, na pale kwetu unyevu haununuliwi. Kwenye kifuniko nimebandika plasta na tarehe ya kubadilisha tena, miaka miwili mbele.

Juzi amenitumia picha ya seti ya hosi za waya zilizotumika, zimetolewa kwenye Forester nyingine, mtu anauza elfu themanini. Nikamjibu kwamba hosi za mtumba sifungi, na nikamuuliza tairi za nyuma ananunua lini.